Pumzi ya Sabato

Mama mkwe wangu alikuwa anaimba siku moja tu kwa wiki, nayo ni Jumamosi. Siku nyingine nyingi alikuwa anahema. Nilipoolewa katika boma lao kule Manga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hilo niliambiwa kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kuchota maji. Mume wangu alilisema kwa majivuno. "Mama ana pumu," akasema, "lakini Sabato ikifika inamfungua kifua. Utaona mwenyewe."

Mimi nilitoka Sironga, kwa Wakatoliki. Sisi tulikwenda misa Jumapili, tukarudi, tukanywa chai, na kama magugu yamezidi shambani basi jembe lilishikwa na hakuna aliyeulizwa kitu. Sasa nikajikuta kwa Wasabato, katika nyumba ambayo Ijumaa jua likizama kila sufuria imefunikwa, kuni zimepangwa, nguo zimepigwa pasi, na jikoni hakuna moto. Wiki za kwanza nilinung'unika sana moyoni. Nilikuwa na mdomo mrefu tangu utotoni, na kuufunga kuanzia Ijumaa mpaka Jumamosi jioni kulinichosha kuliko kazi yoyote.

Lakini nilimpenda yule mama. Niseme hivyo wazi, maana hadithi yote inakaa juu ya hilo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na siku nilipoingia Manga sikuwa na mtu wa kunibebea hata kikapu. Mama mkwe aliteremka mpaka barabarani, akachukua begi langu mwenyewe, akapanda nalo mlima huku kifua chake kikipiga mluzi kama birika. Nikamwambia aniachie nibebe. Akasimama, akavuta pumzi, akasema kwa Kigusii, "Mokamwana, mke wa mwanangu habebi mzigo siku anayokuja nyumbani." Akaendelea kupanda. Tangu siku ile nilimwita Mama bila kujilazimisha.

Na kweli, ya Sabato niliyaona mwenyewe. Jumatatu jioni alirudi kutoka kazini mjini pua inatiririka na macho mekundu. Jumatano kifua kilikuwa kimeanza kukorota. Alhamisi hakulala chini. Aliegemea ukuta, mto mgongoni, akasinzia hivyo hivyo. Ijumaa alitoka kazini mapema kwa ajili ya maandalio. Ikifika Jumamosi asubuhi alikuwa ameanza kulegea kifua, na saa ya ibada alisimama mbele ya kwaya akaongoza sauti ya kwanza. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, safi, haina haraka. Mimi ambaye nilikwenda pale kwa ajili ya amani ya ndoa tu, nilijikuta nimeacha kuhesabu madirisha. Jumapili alikuwa bora zaidi, analima na kucheka kwa sauti. Jumatatu duka likifunguliwa, anarudi palepale.

Kanisa lote lilijua. Mzee wa kanisa alikuwa akimtaja katika mahubiri, kwamba tazameni dada yetu, siku ya Bwana inamponya na baraka yake inambeba mpaka kesho yake. Kina mama walimwekea watoto wenye kikohozi mapajani. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, na hakuamini kwa kujionyesha. Niliwahi kumsikia akisali peke yake nyuma ya nyumba, anashukuru kwa ile siku moja, haombi nyingine.

Kazi yake ilikuwa Kisii mjini, nyuma ya duka la familia moja ya Kihindi iliyouza vitambaa upande mmoja na upande wa pili viungo: binzari, pilipili, iliki, mdalasini. Mwenye duka alikuwa mjane wa rika lake, mama mkwe naye mjane. Chumba cha nyuma hakikuwa cha viungo. Humo kilitengenezwa kitu kingine: unga wa kulainisha nyama.

Kila mwanamke wa kwetu anajua kwamba nyama ngumu ukiifunga kwa majani ya mpapai inalegea. Unga ule ulikuwa jambo hilohilo, ila limetengenezewa watu wasio na mpapai. Huko chini kwenye joto watu huchanja papai bichi likiwa mtini alfajiri, maziwa meupe yakadondoka, wakayakausha juani mpaka yakawa magamba. Magamba hayo yalifika dukani kwa debe. Chumbani yalisagwa kwa mashine ndogo, yakachekechwa, yakachanganywa na chumvi, yakatiwa katika vipakiti vya kuuzia mahoteli na mabucha. Mama ndiye aliyechekecha na kufunga. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo lilifungwa ili upepo usipeperushe mali.

Nilimpelekea ujumbe huko mara moja nikaona. Rafu, mizani, kamba ya taa, nyusi za Mama, vyote vilikuwa na vumbi la rangi ya maziwa yaliyolala. Ncha za vidole vyake zilikuwa zinabambuka ngozi. Alinionyesha huku akicheka. "Hawa wa kitambulisho wakinitafuta kwa alama za vidole hawanipati," akasema. "Mapapai yamekula."

Na bado aliipenda kazi ile kuliko shamba, kuliko kuchuma chai, kuliko kitu chochote isipokuwa kwaya. Nilichelewa kuelewa kwa nini. Saa nne kila siku mwenye duka alikuja nyuma na birika la chai ya tangawizi, akageuza masanduku mawili ya mbao nje ya chumba, wakaketi. Yule mama wa Kihindi alimimina. Alimmiminia Mama kwanza, kisha yeye. Nyumbani Mama ndiye aliyemimina tangu alipoolewa. Alimiminia mume, watoto, wageni, wachungaji. Hakuna aliyewahi kumshikia birika.

Walizungumza Kiswahili, kwa sababu hawakuwa na kingine cha kushirikiana, na wote wawili walikikanyaga wanavyotaka.

"Leo wewe kohoa sana," mwenye duka alimwambia siku ile niliyokuwepo. "Kunywa. Tangawizi mingi mimi weka."

"Hii ni baridi ya Manga, Mama. Ukungu ya kwetu inaingia mpaka kwa mfupa."

"Lala na sweta."

"Nalala na sweta mbili."

"Basi lala na tatu," akasema yule mama, wakacheka wote, na Mama akaishia kwenye kikohozi kirefu mpaka mwenzake akamshikia kikombe.

Ukungu wa Manga ulisingiziwa mengi. Moshi wa kuni nao pia. Daktari aliyempima aliuliza juu ya baridi na moshi, akampa vidonge na kile kipulizio cha mdomoni, akamwambia ajifunike. Kazi hakuuliza. Na sisi hatukusema, kwani nani anaugua papai? Papai kwetu ndilo analopelekewa mgonjwa.

Kitu kimoja kilinikaa akilini. Tulikuwa na mpapai nyuma ya jiko, unazaa vizuri, na Mama alikuwa ameacha kula matunda yake. Nilimkatia kipande akakisukuma. "Siku hizi yananiwasha midomo," akasema. "Uzee unachagua chakula." Nikakila mimi.

Basi ikaja ile Ijumaa. Kwaya ya kanisa la mbali ilikuwa ije kushinda kwetu Sabato, na Mama ndiye angeongoza wimbo wa kuwapokea, kisha waje kula kwetu. Alijiandaa mwezi mzima. Alikwenda soko la Daraja Mbili akachambua mitumba mpaka akapata blauzi nyeupe yenye kola ya lesi, akaifua mara nyingi mpaka nikamwambia itaisha kabla ya siku yenyewe. Na jogoo alikuwa tayari. Yule jogoo alikuwa mkubwa wa boma, mzee, mwenye miguu kama ya mchungaji wa ng'ombe, na nilikuwa na ugomvi naye wa siku nyingi kwa sababu ya kunifukuza chooni. Nilimshika kwa furaha.

Akawekwa motoni mchana. Tukapika ugali wa wimbi, tukapika mboga za chinsaga kwa maziwa, tukachemsha maharage, tukaosha nyumba. Alasiri nikamchoma jogoo kwa uma, uma ukarudi. Tukaongeza kuni. Nikamchoma tena. Yule ndege alikuwa ameamua kunikomoa hata akiwa ndani ya sufuria.

Mama alikuwa anatazama mlango. Jua lilikuwa linaelekea ukingo wa mlima, na kwetu kule juu likianza kushuka halina subira. Likizama, moto unazimwa, jogoo awe ameiva au hajaiva. Wageni wangekula nini? Nilimwona anavyohesabu moyoni, na kifua chake kilikuwa bado na mluzi wa Ijumaa.

"Tulete ule unga," akasema ghafla.

Mwenye duka alikuwa amempa pakiti moja aliposikia habari ya wageni. "Kwa wageni yako," alimwambia. Mama aliiweka juu ya kichanja kwa adabu tu. Nyumbani hakuwahi kuutumia, aliona ni kitu cha watu wa mjini wasioweza kungoja. Sasa akaiteremsha. Akaniamuru nitoe jogoo motoni, nimkate vipande, nimwache apoe kidogo kwenye sinia, maana maji yanayochemka yanaua nguvu ya unga. Akajaribu kufungua pakiti. Haikufunguka. Yeye aliyefunga maelfu ya vile vipakiti alikuwa ameifunga vizuri. Akauma ncha kwa meno, akavuta.

Karatasi ikapasuka nzima. Unga ukamrukia usoni, mwingine ukaruka juu kwenye ule mwanga mwekundu wa mlangoni, tukauona ukielea. Nilipiga chafya tatu mfululizo, macho yakaniwasha. Yeye akapangusa uso kwa lesso, akachukua uliobaki kwenye sinia, akausugua kwenye nyama kwa mikono yote miwili, akachoma kwa uma hapa na pale, akangoja, akarudisha sufuriani.

Jogoo akakubali. Nilipomchoma tena uma ulizama bila kuomba. Jua lilikuwa bado limesimama juu ya mlima, kipande chembamba. Mama akacheka, akanipiga kofi la mgongo. "Tumemshinda," akasema. Tukavuta kuni nje, tukazimwagia majivu.

Akakohoa. Nikadhani ni kicheko. Akakohoa tena, akashika mwimo wa mlango, na nilipomtazama nikaona mabega yamepanda juu na shingo inavutika, anatafuta hewa na hewa haingii.

Ndani mume wangu alikuwa ameshaanza wimbo wa kufungua Sabato. Ndiyo saa ambayo Mama kila wiki alianza kupata nafuu. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia katika boma lile. Tukamkalisha kitako kwenye kigoda, kipulizio kikatafutwa, kikapatikana, akakivuta, hakikutosha, akavuta tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimshika kwa nyuma, kifua changu mgongoni mwake, nikawa ninavuta pumzi polepole nikimwomba anifuate. Nilikwishazika mama mmoja, na nilimwambia Mungu waziwazi kwamba huyu simpi.

Kidogo kidogo akafunguka, si sana, lakini akaweza kusema neno moja moja. Na maneno aliyotumia pumzi ile chache kuyasema ni haya: "Nilikimbizana na jua la Bwana."

"Nyamaza, Mama."

"Nilifanya ujanja," akasema. "Ningeacha tu. Nilitumia dawa ili Sabato iningojee. Sasa amenifungia."

Mume wangu aliinamisha kichwa kama anayesali, na nilielewa kwamba hata yeye anaamini hivyo. Nikataka kumrushia kigoda.

Asubuhi kwaya ya wageni ikafika na suti zao za rangi ya samawati. Mama alivaa blauzi yake nyeupe yenye kola ya lesi, akakaa kiti cha nyuma kabisa, lesso kifuani. Sauti haikuwepo. Mtu mwingine aliongoza wimbo, akaanza juu mno. Watu waligeuka kumtazama Mama, wakageuka tena. Hakuna aliyemsema. Ila mzee wa kanisa aliomba sala ndefu kwa ajili ya "wale wanaoteleza kwenye mipaka ya siku takatifu," na nikaona kichwa cha Mama kinashuka. Nani alimwambia? Yeye mwenyewe. Alikuwa ameungama mlangoni kabla ya kuingia.

Wageni walikula kwetu wakamsifu jogoo. Walisema hawajawahi kula kuku wa kienyeji laini namna ile, hata meno hayahitajiki. Niliwamiminia mchuzi huku nikitabasamu, na ninaomba Mungu anisamehe mahali nilipotamani kuumwaga.

Jumapili hakupata nafuu. Hiyo haikuwahi kutokea; Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akilima. Nikaamua angalau nisafishe jiko. Niliposhika ufagio na kupiga kwenye kichanja, palipokuwa na ile pakiti, vumbi likashuka, nami nikapiga chafya, macho yakaniwasha vilevile. Mama alikuwa amekuja kusimama mlangoni aniulize kitu. Hakuuliza. Akaanza kukohoa, na mabega yakapanda tena.

Nilitupa ufagio nikamvuta nje mpaka kwenye migomba. Hapo upepo ulikuwa safi, na tulikaa chini mpaka akapata kusema. Na mimi nilikuwa ninamtazama huku mambo yanajipanga kichwani: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi. Dirisha lililofungwa. Nyusi nyeupe. Midomo inayowasha akionja papai.

"Mama," nikamwambia, "si Sabato. Ni ule unga. Unakufunga kifua siku zote unapokuwa nao, na Jumamosi na Jumapili unapumua kwa sababu haupo dukani. Ijumaa ulikufuata nyumbani, basi."

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimemwondolea dhambi, au hivyo niliona. Alinitazama, machozi yakamjaa machoni.

"Kwa hiyo si Bwana aliyekuwa ananifungulia," akasema.

Nikamshika mkono, akautoa.

"Miaka yote ile. Watoto walikuwa wanawekwa mapajani mwangu. Ilikuwa tu kwamba sikwenda kazini?" Akajifuta kwa pindo la lesso. "Afadhali ungeniacha na dhambi yangu, mokamwana. Dhambi inasamehewa."

Akainuka akaniacha kwenye migomba. Mdomo wangu wote ule mrefu, siku ile haukunisaidia kitu.

Jumatatu alivaa nguo za kazi. Hakuniongelesha. Nami nikavaa viatu nikamfuata, tukashuka mjini kwa matatu, kila mtu akitazama dirisha lake. Alipoingia mlango wa nyuma mimi niliingia wa mbele, nikasimama mbele ya mwenye duka, pale alipokuwa anapima iliki, nikamweleza yote. Nilisema habari ya jogoo, ya jua, ya kichanja. Sijui alielewa kiasi gani. Lakini aliacha mizani, akaenda nyuma, akasimama mlangoni mwa chumba kile na kumtazama Mama aliyekuwa ameshashika chekeche, tayari macho mekundu. Nadhani hakuwahi kusimama pale zaidi ya muda wa kumwita kunywa chai.

"Toka," akamwambia.

"Kazi ni mingi, Mama."

"Toka, nasema. Kuja hapa nje. Mimi nafikiri pilipili. Siku yote mimi nafikiri ni pilipili inatoka huku mbele, sasa mimi funga wewe ndani zaidi." Akapiga kifua chake mwenyewe kwa kiganja. "Mimi iko mjinga!"

"Si wewe. Ni baridi ya..."

"Baridi hapana!" Nikashtuka, sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kisha akamshika Mama mkono, akamketisha kwenye lile sanduku lao. "Sikiliza dada. Mimi nyama hapana kula. Mama yangu hapana kula, bibi yangu hapana kula. Hata yai. Sasa mimi nakaa hapa natengeneza dawa ya nyama ya watu, na wewe nakufa. Kwa nini wewe kufa kwa sababu ya nyama ya watu?"

Akageuka, akapandisha sari na kuichomeka kiunoni, akaagiza ndoo ya maji. Mfanyakazi wa mbele alikuja mbio kutaka kuichukua, akamfukuza. Alijifunga kitambaa puani akaingia mwenyewe. Alilowesha kwanza, kila kitu, ili vumbi lisiruke. Akafungua lile dirisha kwa kulipiga na ngumi. Akapangusa rafu, mizani, kamba ya taa. Maji meupe yakatoka chini ya mlango. Mama alijaribu kuinuka, yule mama akamnyooshea tambara. "Kaa!"

Akakaa. Nikaenda nikachukua birika, nikammiminia. Alikunywa chai yake polepole huku mwenye mali akipiga deki, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kikohozi.

Mashine ile iliuzwa baadaye. Mwana wa mwenye duka hakupendezwa, nilisikia, lakini mama yake alimwambia kitu kwa lugha yao na mambo yakaisha. Mama aliambiwa apumzike nyumbani kwanza, kisha arudi upande wa vitambaa. Birika la saa nne lilibaki palepale.

Kwangu mimi bado alikuwa baridi. Hakuwa ananichukia. Alinipa chakula, aliniuliza hali, lakini kuna kitu nilikuwa nimemchukulia, na sote wawili tulikijua. Sabato alikwenda kanisani akakaa nyuma. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, nilimsikia akijaribu jikoni, lakini kwenye kwaya hakusimama. Wakimuuliza alisema bado. Mimi nilijua si kifua.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Siku moja tulikuwa tunachuma chai, mimi mstari wa chini, yeye wa juu, ukungu umetanda mpaka sioni kikapu chake. Ule ukungu uliosingiziwa. Nikasikia anaimba. Hakuwa anajaribu, alikuwa anaimba tu mikono ikiwa kazini, ule wimbo wa kuwapokea wageni ambao hakuuimba, na sauti ilikuwa nyembamba, safi, haina haraka. Nilisimama na majani mkononi. Nilifurahi mpaka nikahisi vibaya.

Akakatiza katikati ya ubeti. Kisha nikamwona anateremka kati ya michai, uso wake umelowa na umande.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Jumanne, Mama."

Akatikisa kichwa. Akatua kikapu akakikalia ukingo, nami nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kuomba radhi ingawa sikujua ya nini. Alinyoosha mkono akanitoa jani lililokuwa limenasa kwenye kilemba changu.

"Nimekuwa nikifikiri," akasema. "Wewe unanijua. Ile chai ya saa nne, yule mama anavyonimiminia. Ningeachiwa mimi mwenyewe, ningekwenda pale siku saba. Jumamosi ningekwenda, Jumapili ningemwomba anifungulie."

"Ungekwenda," nikasema.

"Ningekufa mle ndani nikichekecha." Alivuta pumzi, ndefu, mpaka mwisho, na akaiachia bila mluzi. "Sasa niambie, mokamwana. Ni nani aliyesema nipumzike?"

Aliinuka, akarudi kwenye mstari wake wa juu, na ukungu ukamficha. Akaanza tena pale alipokuwa amekatiza. Mimi Mkatoliki wa Sironga sikuyajua maneno ya wimbo ule. Niliitikia hivyo hivyo.